Mwenye Kiti Kashapita

Hapo juzijuzi, wala si zamani za kale, palikuwa na nchi inayoitwa Ketini. Wageni wakilisikia jina hilo hudhani ni amri, wakaanza kutafuta mahali pa kukaa. Wanakosea. Ketini ni jina tu, na mahali pa kukaa hapakuwa pengi.

Nchi hiyo ilikuwa na Kiti kimoja. Nasema Kiti chenyewe, kile kinachokaliwa kwa niaba ya watu wote, na aliyekikalia aliitwa Mwenyekiti. Alikuwa amekikalia muda mrefu mpaka watu wakasahau kama aliwahi kusimama, na wachache waliokumbuka walikuwa na adabu ya kunyamaza. Mwenyekiti hakuwa mtu wa makuu. Alichowaomba wananchi wake ni kitu kimoja kidogo tu, kwamba katika nchi nzima pasiwe na mwenyekiti mwingine.

Ikatungwa sheria, na sheria ikapendwa siku hiyohiyo. Mwenyekiti wa kijiji akawa Mwenye Kigoda. Mwenyekiti wa kamati ya harusi akawa Mwenye Jamvi. Wa chama cha mpira akaitwa Mwenye Benchi, jambo lililomuudhi kidogo, kwa kuwa aliwahi kuwa mchezaji na benchi alikuwa analijua. Bungeni waheshimiwa waliondolewa viti kabisa wakawa wanajadili miswada wamesimama, na tangu hapo miswada ikawa inapita upesi sana, hasa ile ya jioni. Mambo yakanyooka. Hakuna aliyefikiri kwamba sheria hiyo ingemfikia fundi cherehani wa Soko la Magunia aitwaye Somoe.

*

Somoe Nandonde alipata ugonjwa wa kupooza angali mdogo, na miguu yake haikumbeba tena. Utoto wake wote na nusu ya ujana alitembea kwa mikono, kandambili amezivaa viganjani, na dunia aliijua kwa magoti: magoti ya wanunuzi, magoti ya askari, magoti ya wachumba waliokuja kumtazama dada yake. Watu walipotaka kumpeleka mahali walimnyanyua, na walipotaka kumrudisha walimnyanyua tena. Hakuna aliyekuwa mbaya kwake. Ila hakuna aliyewahi kumuuliza anataka kwenda wapi.

Kisha jirani yake Likwata, mchomeleaji mageti, akamtengenezea kiti. Magurudumu yalikuwa ya baiskeli, kikalio kilitoka kwenye kiti cha plastiki kilichokatwa miguu, na breki ilikuwa kipande cha tairi. Mgongo wa Somoe ulikuwa umepinda, kwa hiyo Likwata aliuinua upande wa kushoto wa kikalio na kuushusha wa kulia, akampima, akakata tena, akampima tena, mpaka Somoe akikaa aonekane yuko wima kabisa. Mtu mwingine yeyote akikikalia alilalia kulia, mfano wa mtu anayechungulia mlango wa jirani. Kwa nyuma aliweka ndoano ya kutundikia chupa ya chai. Gurudumu moja lilikuwa linalia: kwii, kimya kidogo, kwaa. Likwata akataka kulitia grisi, Somoe akamzuia mkono.

"Liache hivyohivyo, kaka. Nikipotea mtanisikia."

Siku ya kwanza kabisa alikwenda Machimboni. Ni kilima nyuma ya soko ambako malori huja kupakia kokoto. Alinunua hindi la kuchoma, akapanda taratibu kwa mikono yake, akalila akitazama malori, akarudi. Rafiki yake Mwanamvua, muuza mihogo ya kukaanga, alikuwa amemtafuta soko zima.

"Huko ulikwenda kufanya nini, shoga yangu?"

"Sikufanya kitu."

"Sasa ukaenda?"

"Ndiyo nikaenda."

Mwanamvua akacheka mpaka mafuta yakataka kumuunguza. Hakuelewa, na si kosa lake. Mtu ambaye miguu yake haijawahi kuombewa ruhusa hajui utamu wa kwenda mahali bila sababu. Kuanzia hapo kila Ijumaa alasiri Somoe alipanda Machimboni na hindi lake, na huko hakuwa na shughuli yoyote, na hicho ndicho alichokifuata.

Vichochoro vya Magunia ni vyembamba. Wachukuzi walipomwona anakuja walipaza sauti: "Pisheni, mwenye kiti anapita!" Wateja wakimhitaji walimwita toka mbali: "Mwenye kiti!" Naye alikuwa anaitika kwa sauti kubwa kuliko mwili wake, kama mwanamke aliyelelewa vizuri anavyoitika anapoitwa: "Abee!" Soko zima lilikuwa linaipenda ile abee. Hata wasiokuwa na nguo ya kushonesha waliita, ili waisikie.

*

Sasa ikaja siku ya Mwenyekiti kupita barabara ya soko.

Tangu asubuhi watu walipangwa kandokando, watoto wa shule wakapewa maua, bendi ikapewa jua. Katika Ketini ni mwiko kumtazama Mwenyekiti usoni, kwa hiyo askari walipangwa wakiipa barabara mgongo, macho juu, wakisubiri kuambiwa tu kwamba anapita ili wapige saluti. Utaratibu huo ulibuniwa na wataalamu na ulikuwa haujawahi kushindwa.

Somoe alikuwa na gauni la bibi harusi mapajani, na bibi harusi alikuwa ng'ambo ya barabara, analia. Kiti kimekwama nyuma ya ukuta wa migongo. Mwanamvua akamwona anavyohangaika, akaweka kijiko chini, akafanya alichokuwa akifanya kila siku ya Mungu.

"Jamani, pisheni! Mwenye kiti anapita!"

Watu wakapisha, ni mazoea. Askari wakapiga saluti, macho mawinguni. Bendi ikaanza wimbo wa taifa. Somoe akajikuta kwenye barabara tupu, pana, iliyofagiwa, gurudumu linalia kwii na kwaa katikati ya tarumbeta, na watoto wanamrushia maua. Nyuma yake watu wamekwisha kufunga safu na njia ya kurudi haipo. Angefanya nini? Alisukuma mbele. Barabara nzuri namna ile hakuwahi kupewa, na nakwambia kweli, aliifurahia. Karibu na mwisho akapunga mkono.

Alipoingia kichochoro cha ng'ambo, neno likaenea: "Mwenye kiti kashapita." Vizuizi vikaondolewa. Askari wakaenda kunywa maji. Soko likamwagika barabarani na viazi vyake, na ndipo msafara wenyewe ulipotokea, ukakuta hakuna wa kuusubiri isipokuwa mkokoteni wa mihogo na punda aliyegoma. Mwenyekiti wa Ketini alikaa ndani ya gari lake mchana ule akitazama makalio ya punda. Punda hakuwa ameelezwa sheria.

*

Somoe alichukuliwa kabla harusi haijaanza, akapelekwa Kitengo cha Nafasi.

Kitengo hiki watu wa nje hawakifahamu. Serikali zote husikiliza maneno ya watu wake. Ketini ilikuwa imepiga hatua, ilisikiliza pia nafasi zilizo kati ya maneno. Mkuu wake aliitwa Kamishna Tindwa, mtu mpole aliyesomea lugha na akaisoma kweli, na kwa sababu hiyo aliogopwa kuliko askari wanaopiga watu.

"Mama," alianza, "mimi sina ugomvi na wewe. Nina ugomvi na nafasi."

"Nafasi gani, mkubwa?"

"Iliyo kati ya mwenye na kiti. Ikiwepo, wewe ni mshonaji tu, nakurudisha nyumbani. Isipokuwepo, umepindua serikali. Sasa walipokuita pale barabarani, nafasi ilikuwepo?"

Somoe akafikiri kwa moyo safi. "Mkubwa, palikuwa na kelele."

"Jaribu kukumbuka. Ilikuwa pana? Finyu?"

"Waliita kama wanavyoita siku zote. Mtu anapiga kelele ili wenzake wasikanyagwe na gurudumu, hana muda wa kuacha nafasi."

"Hana muda wa kuacha nafasi," Kamishna alirudia, akafumba macho kama aliyeumwa jino. "Na walipokuita, wewe ulifanya nini?"

"Huwa naitika."

"Unaitika vipi?"

"Abee."

Msaidizi aliyekuwa mlangoni akashika ukuta.

"Kwa hiyo," Kamishna akasema taratibu, "umma unaita Mwenyekiti, na wewe unaitika abee."

"Si mimi ndiye wananiita, baba?"

Kamishna alikizunguka kile kiti, akakitikisa kwa ncha ya kidole. "Hiki kinakwenda?"

"Kinakwenda."

"Mbele?"

"Mbele na nyuma. Kona pia kinakata."

"Mama yangu, Kiti cha nchi hii hakijawahi kwenda popote. Huo ndio utulivu wetu. Wewe unazungusha mitaani kiti kinachohama, watoto wanaona. Kesho watauliza kama viti huhama." Akainama, wakawa uso kwa uso. "Na Ijumaa, kule Machimboni. Unakutana na nani?"

"Nikutane na nani? Nakula hindi."

"Nani anakutuma?"

"Hakuna anayenituma. Nakwenda tu."

"Kwenda tu ni kwenda wapi?"

Somoe akamtazama. Aliona kwamba mtu huyu anauliza kweli, na hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza.

Wakaleta kinasa sauti, wakamtaka aseme: mimi si mwenye kiti. Somoe akasema atasemaje hivyo na huku amekikalia, atakuwa amesema uongo mbele ya serikali. Kamishna akakubali kwamba hoja ina uzito. Akawaita vijana wawili, wakamshika makwapani, wakamweka chini kwenye saruji, wakakisukuma kiti chumba cha pili. Somoe alikisikia kinakwenda, kwii, kimya, kwaa, mpaka mlango ukafungwa.

"Jaribu sasa," Kamishna akasema.

Somoe akasema. Sasa ilikuwa kweli.

Kamishna mwenyewe alimfungulia mlango wa nje, kwa heshima zote, akaushikilia wazi muda wote ule ambao mtu huhitaji kuvuka ukumbi kwa viganja.

*

Wiki hiyo Waziri wa Faraja, Mheshimiwa Pazi Kilongola, alihutubia taifa. Hotuba ile bado inafundishwa.

"Ndugu wananchi! Wenzetu hawa wenye mahitaji maalumu wamesukumwa kwa muda mrefu mno! Wamesukumwa majumbani, wamesukumwa hospitalini, wamesukumwa mpaka sokoni! Serikali yenu sikivu imesema basi! Kuanzia leo hawatasukumwa tena, kwa sababu hakutakuwa na cha kusukuma!" Waheshimiwa Bungeni wakapiga makofi wamesimama, maana hakukuwa na namna nyingine. "Chuma hakina upendo! Gurudumu halina undugu! Lakini mgongo, ndugu zangu, mgongo wa Mketini!" Hapo akageuka, akawaonyesha wake. Ulikuwa mgongo mpana, uliotunzwa.

Mpango ukaitwa Migongo kwa Maendeleo: kila asiyeweza kutembea angebebwa kwa zamu na mbebaji wa serikali. Viti vya magurudumu vya nchi nzima vikakusanywa, vikayeyushwa, vikatengenezwa mnara wa heshima wa watu wenye ulemavu, mrefu, wenye ngazi nyingi. Kilichobaki ni kile cha Somoe peke yake, kwa kuwa kilikuwa kielelezo cha kesi na kielelezo hakiyeyushwi. Fimbo nyeupe za wasioona nazo zikachukuliwa, kwa hoja kwamba fimbo ni alama ya mamlaka na haiwezi kushikwa na kila mtu. Wenyewe wakapewa Simu ya Mwanga, teknolojia ya kisasa, isiyopitisha maji, ambayo mtu kila akipiga hatua ilimwambia kwa sauti ya Waziri: "Songa mbele kwa ujasiri!"

Pale sokoni mwenye simu hiyo alikuwa mzee Mfaume, muuza betri, aliyekuwa akizijaribu kwa ncha ya ulimi na hakuwahi kumuuzia mtu betri mfu. Fimbo yake ilikuwa inamwambia mengi: hapa ukingo, hapa dimbwi, hapa mtu kalala. Simu ilimwambia jambo moja. Mvua zilipokuja, mtaro mkubwa wa Magunia ukafunuka, na mzee Mfaume akasonga mbele kwa ujasiri. Walimpata kwa kufuata ile sauti, ambayo huko chini ya maji ilikuwa bado inamhimiza. Waziri alifika msibani, akasifu ubora wa kifaa.

Somoe alilia siku ile kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Alitaka kwenda kumzika. Lakini haikuwa zamu ya mgongo wake.

*

Mgongo wake uliitwa Kazumari, Mbebaji wa Taifa Daraja la Tatu. Kabla ya mpango alikuwa mchukuzi wa magunia, na gunia halimwambii mtu lipelekwe wapi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja anapokuja, alimnyanyua Somoe, akampeleka anakokwenda yeye Kazumari: kwa shemeji yake, kwa kinyozi, kilabuni, ambako alimweka kwenye kona pamoja na makoti. Akikumbuka, alimpitisha sokoni. Cherehani ya mkono ya Somoe ikaanza kuota kutu, wateja wakazoea kushonesha kwingine. Haja ndogo ilimlazimu aombe mapema, na kubwa aombe mapema zaidi. Watu wakimwona juu ya mgongo wa serikali walimwambia ana bahati, naye ilimpasa ajibu kwamba anashukuru.

Kazumari pia alikuwa na kazi ya kupeleka Kitengoni yale yote aliyonong'onezwa sikioni. Somoe alilijua hilo. Siku nyingine alikuwa ananyamaza njia nzima, na wakifika anamwambia, "Mwambie Kamishna leo sikusema kitu. Umwambie kwa nafasi."

Ijumaa moja harufu ya mahindi ya kuchoma ilimpitia, akashindwa kujizuia.

"Kazumari, kaka yangu, nipeleke Machimboni."

"Una shughuli gani huko?"

"Sina."

"Basi hatuendi."

"Kaka, ndiyo maana nataka kwenda."

Kazumari akasimama, akamrekebisha mgongoni jinsi anavyorekebisha mtu mzigo. "Dada Somoe, mimi nikiulizwa nitasema nini? Mgongo wa serikali hauendi mahali bila shughuli."

"Sema nilikuomba."

"Ndilo watakalouliza. Uliomba kwa nini."

Wakaenda kwa shemeji. Somoe aliweka shavu kwenye bega la yule mtu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka, na akaona jinsi alivyokuwa amerudi kuijua dunia kwa mahali wengine wanapomshusha. Hakutaka kufa na hakutaka mapinduzi. Alitaka kiti chake.

*

Kisha miguu ya Mwenyekiti ikakataa.

Jambo hili halikutangazwa. Lilijulikana tu, kwa namna mambo yasiyotangazwa yanavyojulikana katika Ketini. Madaktari wakasema anahitaji kiti cha magurudumu, wakahamishwa. Hakuna waziri aliyethubutu kumwambia Mwenyekiti kwamba anahitaji kiti, kwa kuwa angeuliza: kwani hiki nilichonacho ni cha nani? Wakapendekeza abebwe. Lakini neno kubebwa lina sifa mbaya katika siasa, na mwandishi mmoja aliyeandika kwamba Mwenyekiti anabebwa hajaonekana mpaka leo. Kuagiza kiti ng'ambo kungekuwa kukiri kwamba vilivyoyeyushwa vilihitajika. Ndipo mtu akakumbuka chumba cha vielelezo.

Wakakipaka kiti rangi ya dhahabu. Kwenye ndoano ya chupa ya chai wakatundika bendera. Grisi walitia, ila kwa uoga walitia gurudumu lisilolia.

Siku ya sherehe, wabebwaji wote wa mji waliletwa uwanjani ili taifa lione matunda ya Migongo kwa Maendeleo. Wabebaji wakaitwa kupanga gwaride lao, kwa hiyo waliwashusha watu wao kwenye nyasi, mstari wa mbele, chini ya jukwaa. Kazumari alimweka Somoe taratibu, hata akamkung'utia kanga. Somoe akatoa kandambili zake kifuani, akazivaa viganjani, maana nyasi zilikuwa na miiba. Mwanamvua alikuwa jukwaa la watu wa kawaida pamoja na soko zima, wamesimama.

Somoe akasikia kwanza. Kwii. Kimya kidogo. Kwaa.

Hakuhitaji kutazama, ila alitazama, mwiko au si mwiko. Mwenyekiti wa Ketini alikuwa anasukumwa kuelekea katikati ya uwanja, mzee mdogo kuliko picha zake, amelalia kulia. Alijaribu kujinyoosha, kiti kikamrudisha. Nyuma yake mawaziri walipoona hivyo nao wakalalia kulia. Majenerali wakafuata, medali zikining'inia hewani. Wapiga picha wakainamisha kamera ili taifa lione yuko wima na dunia ndiyo imepinda. Waziri wa Faraja alilalia kulia zaidi ya wote, ikabidi ashikwe.

"Mwenyekiti!" akapaza mwongoza sherehe.

"Mwenyekiti!" uwanja ukaitikia.

"Mwenyekiti!"

Ni uchungu au ni mazoea, Somoe mwenyewe nadhani asingeweza kusema. Alikitazama kile kikalio kilichopimwa juu ya mifupa yake, na mtu asiyekienea anaumia ndani yake, na watu aliowajua wanaita. Akavuta pumzi.

"Abee!"

Soko la Magunia halikuwa limeisikia sauti ile siku nyingi, likaitambua papo hapo. Mwenyekiti akasimamisha kiti kwa mkono, akatazama chini. Hakuna mtu mwingine uwanjani aliyekuwa chini kiasi cha kutazamana naye.

"Nani huyo?" akauliza, kwa sauti ya mzee yeyote anayesikia hodi.

"Mwenye kiti," Somoe akasema.

Kamishna Tindwa alikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Aliisikia ile nafasi vizuri sana. Ilikuwa pana, safi, imewekwa kwa makusudi kabisa. Kisheria mwanamke yule hakuwa na kosa hata chembe, na Kamishna, aliyejua hivyo peke yake, akanyoosha mkono kuwaita vijana.

Lakini kutoka jukwaani, kwa sauti ya mtu aliyeita watu kwenye mihogo maisha yake yote, Mwanamvua akapasua anga: "Jamani, pisheni! Mwenye kiti anapita!"

Wakapisha. Gwaride la wabebaji liligawanyika katikati, Kazumari akiwa wa kwanza kurudi nyuma, na mawaziri wakajikuta wamesogea kabla hawajafikiri. Somoe akaenda kwa viganja katikati ya njia ile, kandambili zikipiga nyasi, bila kunyanyuliwa na mtu, anakwenda anakotaka mwenyewe. Akafika. Akavua kandambili moja, akaweka kiganja kwenye gurudumu. Lilikuwa bado la moto kwa jua.

Wale vijana wakafika nao.

*

Taarifa ya habari ya jioni ilisema sherehe zilifana na hakuna aliyeitika. Kazumari alipoulizwa siku ile alimbeba nani, alisema hakumbeba mtu, kisha akaomba kurudishwa kwenye magunia. Likwata alichukuliwa kwa kosa la kutengeneza. Kamishna alistaafu mapema, na inasemekana nyumbani kwake hazungumzi, kwa kuogopa mahali pa kupumzika kati ya maneno. Mwanamvua mihogo yake imekatazwa. Ijumaa alasiri hupanda Machimboni na mahindi mawili, akala moja. Askari wakimuuliza ana shughuli gani huko, huwajibu kwamba hana.

Somoe hajaonekana. Wengine husema yuko ndani, wengine husema hayuko popote. Mimi sijui, na ninalia nikilisema hili, kwa kuwa alikuwa anajua kushona.

Mwenyekiti bado yupo, amelalia kulia, na hotuba husomwa, na watu huitwa uwanjani kupaza sauti kama zamani. Hupaza. Ila tangu siku ile kimetokea kitu ambacho Kitengo cha Nafasi, pamoja na mashine zake mpya, hakijui kimshike nani kwacho. Umma mzima husema "Mwenye", halafu hunyamaza kidogo, kama unasubiri kuitikiwa, halafu ndipo unamalizia "kiti". Hakuna anayeongoza, hakuna anayehesabu.

Ile nafasi ni ndogo sana. Mtu mmoja aliyekaa anaenea.